Mteja anataka herufi zilezile, fonti siijui, na stika inatoa mapovu

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nina karakana ndogo ya mabango. Kazi yangu kubwa ni kukata stika kwa plota, mashine ya kisu inayofuata mchoro wa kompyuta, na kuibandika kwenye mabamba ya chuma na ya alumini, na mara chache herufi za akriliki. Kazi za kawaida hazinisumbui, lakini hii niliyo nayo sasa imenifunga mikono.

Mteja wangu ana bango la biashara lililotengenezwa zamani na fundi mwingine ambaye hapatikani tena, na faili halipo. Anafungua tawi la pili na anataka bango jipya lenye herufi zilezile. Tena, neno moja kwenye bango la zamani limechakaa, anataka nilibadilishe bila mtu kugundua. Alichonipa ni picha moja ya simu, imepigwa kutoka chini na imeegemea upande. Jina la biashara limeandikwa kwa herufi kubwa nene zisizo na vikia, yaani vile vijimstari vya mapambo kwenye ncha, na chini yake kuna mstari wa maneno kwa mwandiko mwembamba wa kuungana.

Nimeipitisha picha kwenye programu za kutambua fonti. Moja imesema Helvetica, nyingine Arial, ya tatu imenipa orodha ya majina nisiyoyajua. Nimezijaribu Helvetica na Arial. Kwa macho zinafanana na za mteja, lakini nikiziweka juu ya picha hakuna inayokaa: urefu ukilingana, upana unapungua.

Nikaamua kuachana na fonti, nikaiachia programu ichore herufi yenyewe kutoka kwenye picha, kisha nikapeleka plota. Mashine ikakata kwa kushtukashtuka na kingo zikatoka na meno. Ule mwandiko wa kuungana niliuandika upya kwa fonti inayokaribiana nao, lakini kisu kinakata katikati kila mahali herufi zinapokutana, na nikianza kung'oa mabaki, vile vijisehemu vyembamba vinaondoka navyo.

Mwisho, nilibandika jaribio kwenye bamba lililopigwa rangi siku iliyotangulia. Lilikaa safi. Asubuhi nikakuta mapovu. Nikayatoboa kwa sindano na kuyakandamiza, yakarudi. Je, gundi ni mbovu? Stika ni bandia? Na hiyo fonti nitaijuaje?

Fundi wa Herufi

JIBU

Fundi mwenzangu,

Hebu tuiweke pembeni picha hiyo kwanza, maana umeibebesha kazi mbili isizoziweza. Umeitaka ikuambie jina la fonti, kisha umeitaka iwe faili la kukatia. Picha ya simu iliyopigwa kutoka chini haifai kwa lolote kati ya hayo.

Kabla ya kuhangaika na fonti, rudi kwa mteja umuulize ana nini kingine chenye maandishi hayo: kadi ya biashara, barua yenye nembo, ankara, mfuko wa bidhaa. Zaidi ya yote, mwombe faili lolote la PDF lenye nembo yake, hata kama ni ankara ya zamani aliyowahi kumtumia mtu. Lifungue, nenda kwenye sifa za faili, utazame sehemu ya fonti. Kama maandishi hayakugeuzwa kuwa maumbo, majina ya fonti yatakuwa pale pale. Usishtuke ukikuta jina limetanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Hiyo ni ishara tu kwamba faili limebeba sehemu ya fonti, zile herufi zilizotumika peke yake. Jina halisi ni lile linalofuata baada ya alama.

Na kama sehemu hiyo ya fonti ni tupu, usikate tamaa. Huenda nembo iligeuzwa kuwa maumbo ya vekta, yaani mistari iliyochorwa ambayo haipotezi ukali hata ukiikuza. Lifungue faili hilo kwenye programu yako ya kuchorea, vuta karibu sana, uangalie kingo. Zikibaki safi, umeshapata herufi zenyewe, na jina la fonti halina haja tena isipokuwa kwa maneno mapya utakayotakiwa kuongeza. Mafundi wengi hutafuta jina kwa siku nzima wakati umbo lilikuwa kwenye barua pepe ya mteja. Kinachobandikwa ukutani ni umbo.

Tuseme hakuna kitu. Basi nenda kwenye bango lenyewe na rula. Simama mbele yake sawasawa, kamera iwe usawa wa maandishi kadiri unavyoweza. Rudi nyuma kisha uvute kwa lenzi badala ya kusogea karibu, kwa sababu simu ikiwa karibu hupanua kilicho katikati na kuvuta pembeni. Weka rula ndani ya picha. Halafu pima herufi mbili au tatu kwa mkono: urefu wa herufi kubwa, upana wa H, unene wa nguzo zake na unene wa ule mstari wake wa katikati. Andika vipimo hivyo, tutavihitaji hivi karibuni. Pale unapofikia, bandika plastiki angavu juu ya herufi uzichore kwa kalamu ya wino. Kama herufi zimeinuka, karatasi nyembamba na penseli ya kusugulia zitakupa umbo kamili kuliko kamera yoyote.

Sasa jiulize swali ambalo programu haikuulizi: je, hii ni fonti kweli? Tafuta herufi inayojirudia. Kama jina lina A mbili au E tatu, zilinganishe moja juu ya nyingine. Fonti hutoa A ileile kila mara. Zikitofautiana, hata kidogo, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeandika alikuwa mchoraji na brashi yake, na hapo programu itakupa majina mpaka uchoke bila hata moja kuwa sahihi. Kazi hiyo huchorwa upya kwa mkono juu ya picha iliyonyooshwa. Kwa mstari wako wa chini, ule wa kuungana, kipimo hiki ni cha lazima, ingawa fonti chache za mwandiko zina maumbo mawili au matatu ya herufi moja ili zionekane kama zimeandikwa kwa mkono. Ukiona maumbo mawili tu yanayopokezana, ni fonti. Ukiona kila moja ina sura yake, ni mkono wa mtu.

Kuhusu Helvetica na Arial, programu zako hazikuwa zinabahatisha. Helvetica ilitoka Uswisi mwaka 1957, kazi ya Max Miedinger na Eduard Hoffmann, ikiwa kwanza na jina la Neue Haas Grotesk. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya fonti ya Monotype, na ikapewa upana wa herufi ulio sawa na wa Helvetica, ili hati iliyopangwa kwa moja isivurugike ikifunguliwa kwa nyingine. Ndiyo maana ukipima urefu wa neno zima hutazitofautisha hata kidogo. Tofauti iko kwenye ncha. Tazama C na S: katika Helvetica ncha zimekatwa usawa, sambamba na ardhi, katika Arial zimekatwa mshazari. Tazama mguu wa R: wa Helvetica unajikunja kidogo na kushuka karibu wima, wa Arial unakwenda mshazari moja kwa moja. G ya Helvetica ina kijiguu kinachoshuka chini upande wa kulia, ya Arial haina. Kama kungekuwa na herufi ndogo ningekuambia utazame kichwa cha t, ambacho Helvetica hukikata bapa na Arial hukikata mteremko. Kwa bango la herufi kubwa tupu, R, G, C na S zinatosha. Kama jina halina hata moja kati ya hizo, basi kubali kwamba nafasi ya kukosea ni kubwa, lakini hata macho ya mpita njia hayana pa kushikia tofauti.

Ujue pia kwamba Helvetica ina ndugu wengi: Helvetica Neue ya mwaka 1983, Nimbus Sans ya kampuni ya URW, na kadhalika. Ukifika hapo usitafute jina kamili kwa udi na uvumba. Weka herufi juu ya herufi, vuta karibu, na inayokaa ndiyo hiyo.

Lakini umesema hakuna inayokaa, urefu ukilingana upana unapungua. Hapo ndipo naona ufunguo wa barua yako yote. Chukua vipimo vya ile H. Katika fonti za namna hii, nguzo za H huwa nene kidogo tu kuliko mstari wake wa katikati. Kama nguzo ni nene mno kuliko mstari huo, kuna mtu aliivuta fonti kwa upana ili ijaze bamba. Hilo lilifanyika sana, na bado linafanyika, kwa sababu kuvuta kisanduku kwa kipanya ni rahisi kuliko kutafuta fonti pana. O nayo itakushuhudia: itakuwa imelala, nene ubavuni na nyembamba juu na chini.

Kupata kiwango alichovuta ni hesabu ya dakika moja. Andika H kwa fonti unayoidhania, ilinganishe urefu na ya bango, kisha gawanya upana wa H ya bango kwa upana wa H yako. Ukipata 1.15, fonti ilivutwa hadi asilimia 115. Tumia herufi moja, usitumie neno zima, maana huenda pia aliongeza nafasi kati ya herufi na neno likakudanganya. Rudia kwa O au E kuhakikisha. Vuta zote kwa kiwango hicho, uweke juu ya picha uone zinavyokaa. Pia angalia kona. Zikiwa zimeviringika huku matundu ya ndani ya A na R yamebanwa, mtu alinenepesha herufi kwa kuzizungushia mstari wa nje, na hilo nalo itabidi uliige.

Unaweza kuniuliza kama inafaa kunakili kuvutwa huko, au ni vizuri kurekebisha. Moyo wangu ungependa urekebishe, kwa sababu herufi iliyovutwa ni mbaya kutazama. Lakini mteja atakuwa na mabango mawili ya jina moja, na neno moja litakaa ndani ya bango la zamani. Nakili kama lilivyo. Siku atakapotaka kubadilisha yote, mshauri vinginevyo.

Ukishayajua hayo, programu za kutambua zinakuwa na faida. WhatTheFont inataka picha, Identifont inakuuliza maswali kuhusu sura ya herufi mojamoja. Ipe ya kwanza herufi chache zenye tabia, nyeusi juu ya nyeupe, zilizonyooshwa na kurudishwa kwenye upana wake wa asili. Sasa unaelewa kwa nini zilikuchanganya mwanzoni: uliziuliza kuhusu umbo ambalo halimo kwenye fonti yoyote. Kwa mwandiko wa kuungana, zitenganishe herufi kwa kufuta viungo kabla ya kutuma. Ukiipata fonti, ipate kwa leseni inayoruhusu kazi ya biashara.

Twende kwenye plota. Ulipoiachia programu ichore kutoka kwenye picha, ilifuata ukingo wa kila pikseli na kupanda nukta, zile alama zinazoongoza mstari wa umbo, kila ulipopinda. Kisu hutii kila nukta, kwa hiyo kinasimama, kinageuka, kinaendelea, ndiyo hiyo kushtukashtuka uliyoiona. Herufi I ya namna hii inahitaji nukta 4. E inahitaji 12. O inatosheka na 8, nne nje na nne ndani. Fungua faili lako uhesabu. Nadhani utakuta O moja ina mamia. Kupunguza nukta kwa amri ya programu husaidia kidogo, lakini huacha mawimbi kwenye mistari iliyopaswa kunyooka. Ukiwa na fonti, andika upya, geuza maandishi kuwa maumbo, na kazi imekwisha. Bila fonti, chora juu ya picha kwa nukta chache ukianza na H, kwa sababu nguzo yake utaitumia kwenye E, L, T na nyingine zote.

Ule mwandiko una tatizo jingine. Kwenye skrini herufi zake zinaonekana kitu kimoja, kumbe kila moja ni umbo kamili lililolala juu ya jirani yake. Plota haioni rangi, inaona mistari ya nje tu, nayo inaikata yote. Geuza kuwa maumbo, rekebisha nafasi mpaka viungo vikutane vizuri, kisha tumia amri ya kuunganisha maumbo yawe moja. Fuata mpangilio huo, kwani baada ya kuunganisha huwezi tena kusogeza herufi. Halafu tazama faili kwa mwonekano wa mistari mitupu, bila rangi. Chochote kinachokatiza ndani ya neno pale, kisu kitakikata.

Vijisehemu vyembamba kung'oka kuna sababu tatu zinazosaidiana. Ya kwanza ni kisu. Kata duara dogo na pembe nne kwenye kona ya stika, ung'oe, utazame karatasi ya nyuma: inapaswa kuwa na mkwaruzo hafifu unaoonekana, basi. Ikikatika, kisu kimetoka mno au nguvu ni kubwa, na kinaburuza stika badala ya kuichanja. Duara lisipofunga mwanzo na mwisho, au kona zikiviringika na kutoa vikia, rekebisha kipimo cha umbali kati ya ncha ya kisu na mhimili wake, au ubadilishe kisu kilichochakaa. Kisu cha nyuzi 45 kinatosha kwa stika ya kawaida. Kwa vitu vidogo sana cha nyuzi 60 hugeuka vizuri zaidi.

Ya pili ni namna ya kung'oa. Ng'oa mapema baada ya kukata, kabla gundi haijaanza kushikana tena kwenye mkato, na uvute mabaki yakiwa yamelala nyuma, karibu kugusa karatasi, usiyainue juu.

Ya tatu ni mwandiko wenyewe, na hii haina dawa ya mashine. Mstari mwembamba una gundi kidogo. Hata ukifaulu kuubandika, utakuwa wa kwanza kuinuka ukipigwa jua na kufutwa kwa kitambaa. Mafundi wa mabango wana kipimo cha zamani: kwa kusomeka kwa raha, kila mita 3 za umbali zinahitaji milimita 25 za urefu wa herufi. Bango linalosomwa kutoka mita 15 linataka herufi za milimita 125. Pima mstari wako. Kama ni milimita 30 za mwandiko mwembamba na watu wanapita mita 15 mbali, hausomeki na hata mmoja wao. Mweleze mteja hivyo kwa kumsimamisha mahali ambapo wateja wake husimama. Akikubali, uukuze. Akikataa, uchapishe mstari wote kwenye kipande kimoja cha stika chenye rangi ya bamba na ukikate kwa umbo la nje tu. Rangi ya kuchapa ikiwa ya solventi, yaani yenye kiyeyusho kinachovukiza, iache ipumue angalau saa 24 kabla ya kuweka laminesheni, ile filamu angavu ya kuikinga.

Mapovu sasa. Stika yako wala gundi havina kosa ninaloliona. Umetoa ushahidi mwenyewe: ulitoboa, yakarudi. Hewa iliyonaswa wakati wa kubandika ukiitoboa na kuikandamiza huwa imekwisha. Povu linalorudi linalishwa kutoka chini. Rangi uliyobandikia ilikuwa imekauka kwa kidole, lakini bado ilikuwa inatoa mvuke wa viyeyusho vyake, na stika imeuzibia njia. Subiri muda ambao mtengenezaji wa rangi ameuandika kwa kukomaa kabisa, ambao ni mrefu kuliko ule wa kukauka juu. Usijaribu kuuharakisha kwa kusugua spiriti. Kwenye rangi changa inaweza kulainisha uso na kukuharibia zaidi. Kubandika kwa maji ya sabuni nako hakutasaidia, kwa kuwa hutoa hewa ya juu tu. Polikaboneti, ile plastiki ngumu angavu, nayo hutoa mvuke namna hiyohiyo, kwa hiyo ukiipata siku moja ijaribu kwanza.

Kuhusu neno lililochakaa kwenye bango la zamani, usiahidi kwamba hakuna atakayegundua. Stika mpya ya rangi ileile, hata ya namba ileile kutoka kiwandani, itang'aa pembeni ya iliyofifia kwa jua. Mshauri abadilishe mstari mzima, ili tofauti iangukie kati ya mistari badala ya kati ya maneno. Mpe mchoro wa kila kitu, vipimo vikiwemo, ausaini kabla hujakata. Weka faili mbili: moja yenye maandishi yanayoharirika na jina la fonti na kiwango cha kuvuta, nyingine ya maumbo tayari kwa kisu, pamoja na namba ya stika uliyotumia.

Leo kata kipande cha stika cha sentimita 10 kwa 10, ukibandike kwenye lile bamba lililopakwa rangi, uliweke mahali penye joto, na ulitazame kesho. Kikitoa povu hata moja, acha bamba lipumue na urudie jaribio. Wakati linapumua, nenda na rula yako ukapime ile H.